Greda lililokunywa maji: kisa cha slivu sita na kikalio kimoja

Greda liliingia karakana likiwa na historia ndefu ya kufunguliwa. Injini yake ni dizeli ya zamani ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye slivu za maji (mabomba ya chuma yanayochomekwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na kuzungukwa na maji ya kupozea), kipenyo cha silinda kikizidi kidogo milimita 120. Katika miezi kumi na minane gasketi ya hedi, kizibio kilicho kati ya bloku na kifuniko chake cha juu (hedi), ilikuwa imebadilishwa mara tatu. Kila mara greda lilirudi kazini kwa wiki kadhaa, kisha rejeta ikaanza kutoa mapovu na oili ikageuka rangi ya maziwa. Mwenye greda alikuja na uamuzi tayari: hedi imepinda, ikakwanguliwe, ifungwe gasketi ya nne.

Hedi haikuwa imepinda. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililoifungua injini hii mara tatu nakutana nalo mno kwenye mitambo mizito ya zamani. Fundi anapima slivu, anapima pistoni, anaipeleka hedi ikapimwe, lakini bloku lenyewe haligusi. Slivu mpya ikiwekwa juu ya kikalio kibovu, yaani ngazi ya bloku ambayo slivu hukalia, inaurithi ubovu huo siku hiyo hiyo.

Dalili mbili, njia mbili

Mapovu kwenye rejeta na maji kwenye oili huchukuliwa kama ugonjwa mmoja. Mara nyingi ni kweli, lakini si lazima. Gesi ya mwako ina shinikizo kubwa kuliko maji ya kupozea kwa makumi ya mara. Ikipata mwanya kwenye gasketi inakimbilia kwenye maji. Ili maji yafike kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, yanahitaji njia yao: slivu iliyotoboka, oringi (pete za mpira) za chini zilizokufa, ufa kwenye hedi au bloku, au kipoza oili kilichopasuka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua hedi tulimwaga oili, tukashusha sampu, tukafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta na kupandisha shinikizo hadi kilopaskali 100. Kisha tukakaa chini ya injini na taa, tukiigeuza kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, taratibu ili kila pistoni ipande juu kwa zamu yake na kuacha ukuta wa slivu wazi. Jaribio hili linahitaji subira kuliko vifaa. Dakika kumi za kwanza hapakuwa na kitu. Baada ya dakika kama arobaini, tone likateremka ndani ya silinda ya 5, upande mmoja tu, likafuatwa na jingine. Tundu la kuashiria, tundu dogo la bloku linaloonyesha uvujaji, lililo kati ya oringi za silinda hiyo lilikuwa kavu, hivyo maji hayakuwa yakipita kwenye oringi. Kipoza oili tulikifungua na kukipima peke yake, kilikuwa kizima.

Maji yalitoka silinda ya 5. Hedi ilipoondolewa, gasketi ikasimulia habari nyingine: pete ya moto (ile pete ya gasketi inayozunguka mdomo wa silinda) ya silinda ya 4 ilikuwa nyeusi nusu mzunguko, upande wa kamshafti, mhimili unaofungua vali, na masizi yalikuwa yamechora njia hadi kwenye tundu la maji. Kumbe gesi ilitoka silinda ya 4 na maji yaliingia kupitia silinda ya 5. Ndiyo maana kila gasketi mpya ilipunguza mapovu kwa muda huku oili ikiendelea kuharibika polepole. Mafundi waliotangulia waliona nafuu wakadhani wamekaribia kupona.

Vipimo kabla ya kung'oa

Slivu ya maji huning'inia kwenye bloku kwa kola yake ya juu. Kola inakaa kwenye kikalio kilichochongwa ndani ya bloku, na juu yake inatakiwa ichomoze kidogo kuliko uso wa bloku. Mwinuko huo mdogo ndio unaobeba kazi yote: hedi inapokazwa, nguvu ya bolti inaangukia kwanza kwenye pete ya moto ya gasketi, inashuka kwenye kola, na kola inabanwa isitikisike. Kwa injini hii kitabu kinataka mwinuko wa milimita 0.05 hadi 0.15, na slivu mbili jirani zisipishane kwa zaidi ya 0.05. Injini nyingine zina viwango vyake. Mwenye injini asome kitabu chake.

Tulizibana slivu chini kwa bolti na washa nene kabla ya kupima, kwa sababu slivu isiyobanwa inaweza kuinuliwa na oringi zake na kutoa jibu la uongo. Geji ya saa iliwekwa sehemu nne kuzunguka kila kola. Silinda tano zilisoma kati ya 0.06 na 0.08. Silinda ya 4 ilisoma 0.02 mbele, na upande wa kamshafti kola ilikuwa chini ya uso wa bloku kwa 0.06. Gasketi yoyote, ya mtengenezaji yeyote, isingeweza kuziba pale.

Uso wa bloku tuliupima kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa kukingama. Fila ya 0.04 haikupita popote. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa uso ukikwanguliwa vikalio vyote vinakuwa vifupi na mwinuko wa slivu zote unapanda kwa kiasi kile kile. Bloku linalohitaji kukwanguliwa uso hukwanguliwa kwanza, vikalio vifuate. Anayegeuza mpangilio huo anafanya kazi ya vikalio mara mbili.

Tulichokikuta chini ya kola

Slivu zilivutwa moja moja, kila moja ikiwa imewekwa alama ya rangi kuonyesha namba yake na upande ulioelekea mbele. Alama hizo ni muhimu, maana bila kujua slivu ilikaa vipi huwezi kusoma majeraha yake.

Chini ya kola ya silinda ya 4 vilitoka vipande vya shaba nyeupe, vyembamba, vilivyokatwa kwa mkasi. Mtu fulani huko nyuma aliona slivu imezama akaiinua kwa vipande vya shaba laini. Nia naielewa. Lakini shaba laini ikigongwa na kila mwako hutambaa, hukonda na hatimaye hukatika, na inapokatika upande mmoja kola inabaki imeinama. Kola ile ilikuwa imeanza ufa wa urefu wa kama sentimita mbili kwenye kona inapokutana na mwili wa slivu. Ufa ule ungekamilika, kola ingebaki juu na mwili wa slivu ungeshuka kuelekea kwenye kranki.

Kikalio chenyewe kilikuwa kimeliwa. Kinaliwa hivi: kola isiyobanwa sawasawa husogea kwa kiasi kisichoonekana kila silinda inapowaka. Chuma kinasugua chuma, unyevu ukiwa pembeni, na vumbi la kutu linafanya kazi ya msasa. Kikalio kinashuka, nguvu ya kubana inapungua, msogeo unaongezeka, na kikalio kinashuka kwa kasi zaidi. Kila saa ya kazi greda lilikuwa likijichimba lenyewe.

Slivu ya 5 ilikuwa na ugonjwa tofauti kabisa. Nje, upande wa maji, kulikuwa na msitari wa mashimo madogo yenye kingo kali, kama chuma kilichodonolewa, yote yakiwa upande wa msukumo, yaani upande ambao pistoni hulalia wakati wa mwako kwa sababu ya mlalo wa konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Hiyo ni kaviteshini. Pistoni inagonga ukuta, slivu inatetemeka, na kila ukuta unapojivuta ndani maji yaliyougusa yanapoteza shinikizo kiasi cha kutengeneza viputo vya mvuke. Ukuta unaporudi viputo vinapasuka kwa nguvu kubwa katika eneo dogo sana, vinang'oa utando unaolinda chuma, kisha chuma chenyewe. Tuliingiza sindano kwenye mashimo: mengi yalikuwa na kina cha milimita mbili hadi tatu, na moja lilipita hadi ndani. Slivu ya 2 ilikuwa imefika karibu na nusu ya unene wake. Greda hili lilikuwa likijazwa maji matupu kwa miaka, bila dawa yoyote, na kifuniko cha rejeta kilikuwa kimepoteza springi yake, hivyo mfumo haukuwa na shinikizo la kuyazuia maji yasitoe viputo. Kwa slivu nyembamba na injini inayotetemeka, mambo hayo mawili yanatosha.

Mjadala na mwenye greda

"Fundi, si umesema mbovu ni mbili? Badilisha hizo mbili tufunge."

Lilikuwa swali la haki, na nilimjibu kwa vipimo. Slivu zilizobaki zilikuwa zimelika milimita 0.19 pale ringi ya juu (pete ya chuma ya pistoni) inapogeukia, ukilinganisha na sehemu ya chini isiyofikiwa na ringi, na uduara ulikuwa umepotea kwa 0.07. Ukingo ulioachwa juu ulishikika kwa ukucha. Sehemu hiyo ndiyo hulika zaidi kila wakati: joto ni kali, oili ni haba, pistoni inasimama ili igeuke, na shinikizo la gesi linaisukuma ringi ukutani. Kufunga ringi mpya kwenye ukuta wa namna hiyo ni kuziomba zifuate umbo linalobadilika kila zinapopanda na kushuka. Tena kola za zamani zilikuwa zimelika kidogo, kwa hiyo slivu mpya kati ya mbili za zamani ingepandisha tofauti ya mwinuko.

Akauliza pia kwa nini tusizichonge hizi hizi zikawa kubwa tukatafuta pistoni za saizi ya juu. Kwenye bloku lisilo na slivu, ambalo silinda imechongwa moja kwa moja kwenye chuma chake, hiyo ndiyo njia ya kawaida: unapanua kwa 0.50 au 1.00 na kuendelea, na nyama ikiisha unaweka slivu kavu, yaani isiyoguswa na maji. Kwenye slivu ya maji iliyodonolewa kutoka nje ni kuukonda ukuta kutoka pande zote mbili. Sikukubali, na sikubali kwa injini yoyote ya aina hii.

Slivu kavu alizitaja kwa sababu aliwahi kuona lori likifanyiwa. Ni kazi nzuri likistahili: bloku linachongwa, ngazi ndogo inaachwa chini ili slivu isizame, na slivu inaingia kwa kubanwa, ikizidi tundu lake kwa sehemu chache za mia za milimita. Chuma cha kutupwa hutanuka takriban sehemu 11 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo slivu ya milimita 125 iliyopozwa kwa nyuzi 100 husinyaa karibu 0.14, ikatumbukia bila kugongwa. Lakini bloku letu lina nafasi ya maji mahali ambapo slivu kavu ingehitaji chuma cha kuishikilia. Njia hiyo haikuwepo.

Tukakubaliana: slivu sita mpya na pistoni zake, na kikalio cha silinda ya 4 kichongwe.

Kuchonga kikalio

Hapa nina kosa la kukiri. Niliagiza seti ya slivu siku ile ile tuliyokubaliana, kabla ya kupima kina cha kila kikalio. Slivu zilifika, nikapima, nikagundua nahitaji shimu ya chuma, pete nyembamba ya kuwekwa chini ya kola, ambayo sikuiagiza, na greda likasimama siku kumi na moja zaidi. Kina cha kikalio hupimwa bloku likiwa safi na tupu, na orodha ya vipuri huandikwa baada ya hapo.

Kola mpya zilikuwa na unene wa 8.90. Vikalio vya silinda ya 1, 2, 3 na 6 vilisoma 8.80 hadi 8.82, cha 5 kilisoma 8.83. Tofauti hiyo ingetoa mwinuko wa 0.07 hadi 0.10, na nikaviacha kama vilivyo, isipokuwa kuvisafisha. Kuna mafundi wanaochonga vyote sita ili vifanane. Mimi siondoi chuma kwenye kikalio kilicho tambarare na ndani ya kipimo, maana hakirudi. Cha 4 kilisoma 8.86 mbele na 8.99 upande wa kamshafti.

Kifaa cha kuchongea vikalio hufungwa juu ya bloku kwa bolti na kujiweka katikati kwa kutumia matundu ya juu na ya chini ya slivu. Tulifunika kranki kwa vitambaa vilivyopakwa grisi ili vinase chembe, tukachonga kwa hatua za takriban 0.03. Kikalio kilikuwa safi mzunguko mzima kilipofika 9.02. Shimu ya chuma tuliyoipata ilikuwa na unene wa 0.80, kwa hiyo tukaendelea hadi 9.61, ndani ya ukomo wa kitabu. Tukapima sehemu nane: tofauti ya juu na ya chini ilikuwa chini ya 0.02. Kola ikapakwa bluu, rangi ya kuonyesha inapogusa, ikashushwa na kuzungushwa kidogo, na alama ikatoka mzunguko mzima bila pengo.

Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye mawazo ya wengi. Slivu ina mviringo mdogo pale kola inapokutana na mwili. Kikalio cha asili kina ukingo wa ndani uliokatwa mshazari ili kuupisha mviringo huo. Ukichonga kikalio, mshazari unatoweka na ukingo unabaki mkali. Ukifunga hivyo kola haikai kwenye kikalio. Inakalia ule mviringo wake, kwenye mstari mwembamba, na hedi ikikazwa kola inavunjwa pale pale. Nimeziona slivu mpya zilizokatika shingo kabla ya saa mia za kazi kwa sababu hiyo tu. Tulirudisha mshazari, tukahakikisha tundu la ndani la shimu nalo linaupisha mviringo, tukaondoa vinyuzi vyote vya chuma kwa kidole na kitambaa.

Kufunga

Slivu mpya hutoka kiwandani zikiwa zimeshasuguliwa mistari ya msalaba. Hazihitaji kuguswa tena na mawe. Zinahitaji kuoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, hadi kitambaa cheupe kilichopakwa oili kipite ndani na kutoka cheupe. Petroli au dizeli haifai kwa kazi hii, kwa kuwa inabeba uchafu na kuuzamisha kwenye mistari.

Tundu la chini la silinda ya 6 lilikuwa na kutu iliyochimba kidogo karibu na oringi ya juu. Tulilisafisha kwa msasa laini, tukalainisha kingo zote ambazo oringi zinapita wakati wa kushuka. Oringi tulizipaka sabuni ya maji. Watu wengi hutumia oili kwa mazoea, na mipira mingi inayotengenezwa kukaa kwenye maji ya kupozea huvimba ikigusa oili.

Kila slivu ilishushwa kwa mikono na kumaliziwa kwa kubanwa sawasawa. Mwinuko ukapimwa upya: wa 4 ukasoma 0.09 pande zote nne, wa 5 ukasoma 0.07, hizo nyingine ndani ya 0.08 na 0.10. Kisha tukapima kipenyo cha ndani cha kila silinda usawa wa oringi, kipimo ambacho huwa sikiruki. Silinda ya 3 ilikuwa imebanwa ndani kwa 0.05 upande mmoja. Tuliivuta: oringi ilikuwa imejisokota na kujikunja. Ikawekwa mpya, slivu ikarudi ikiwa duara. Ingefungwa vile, pistoni ingekwaruzwa na kukwama pale ikipata joto.

Beringi za konrodi zilikuwa zimeliwa na mchanganyiko wa maji na oili, tabaka lake la juu likiwa la kijivu kilichofifia, zikabadilishwa zote pamoja na za kranki. Konrodi ya 5 tuliipima kama imepinda, kwa hofu kwamba maji yaliwahi kujaa juu ya pistoni injini ikiwa imezimwa. Ilikuwa imenyooka. Mwanya kati ya ncha za ringi za juu ulisoma 0.45, ndani ya kanuni ya kawaida ya milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo.

Kabla ya sampu kufungwa tulipandisha shinikizo la maji tena hadi kilopaskali 100 na kuliacha usiku kucha. Asubuhi geji ilikuwa haijashuka na sakafu ilikuwa kavu.

Baada ya kuwasha

Injini haikuachwa kunguruma bila mzigo. Ringi mpya zinahitaji shinikizo la mwako ili zikae, na kuiacha ikizunguka tupu kwa saa nyingi kunang'arisha kuta kabla ringi hazijazoeana nazo. Ilipashwa joto, ikakaguliwa mivujo, kisha greda likapelekwa kwenye kazi ya wastani siku ile ile. Oili ilibadilishwa saa 50. Maji ni laini, yamechanganywa na dawa ya kuzuia kutu yenye naitraiti, ambayo hujenga utando mwembamba juu ya slivu na kuikinga na viputo, na kifuniko cha rejeta ni kipya. Mwenye greda sasa anapima nguvu ya dawa hiyo kwa vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi, maana inaisha kadiri injini inavyofanya kazi.

Kwa saa 400 hadi sasa hakuna maji yaliyoongezwa na oili inatoka nyeusi ya kawaida. Limebaki jambo moja. Asubuhi, injini ikiwa baridi, tundu la kuashiria la silinda ya 6 lina unyevu unaokauka ikipata joto. Ni ile sehemu ya tundu la chini iliyochimbwa na kutu. Oringi ya juu inapitisha kidogo na ya chini inazuia. Dawa yake kamili ni kuchonga tundu hilo na kuliwekea pete. Kwa sasa tunapaangalia kila oili inapobadilishwa, na tone la kwanza litakaloanguka kutoka kwenye tundu hilo ndilo litakalotufanya tuishushe sampu tena.